Fahamu: Kwa nini wimbi halitulii kwenye osiloskopu?

Wimbi likikimbia ovyo kwenye skrini ya osiloskopu, mafundi wengi hudhani kifaa kimeharibika. Mara nyingi kifaa ni kizima. Tatizo ni triga, sehemu inayoamua mchoro uanze lini. Osiloskopu ya Tektronix 511, iliyotoka mwaka 1947, ilisifika kwa hilo: kila mchoro ulianza pale wimbi linapovuka kiwango fulani cha volti.

Basi anza na kiwango hicho. Kikiwa juu ya kilele cha wimbi, hakivukwi kamwe. Hali ya otomatiki ya triga itaendelea kuchora tu na kukuficha kosa. Weka hali ya kawaida, na skrini itaganda au itabaki tupu. Hakikisha pia triga inafuata chaneli unayopima.

Kelele za umeme ndizo zinazosumbua zaidi. Wimbi lenye kelele huvuka kiwango mara kadhaa pale lilipopaswa kuvuka mara moja. Fupisha waya wa ethi wa probu, kisha washa kichujio cha triga kinachozuia masafa ya juu. Data ikija kwa mafungu, ongeza muda wa triga kusubiri: uzidi urefu wa fungu moja, lakini uishe kabla la pili halijaanza.