Fahamu: Kwa nini dhoruba za kiangazi Marekani hazipimwi kwa kipimo kimoja
Kituo cha utabiri wa dhoruba kilichopo Norman, Oklahoma, hupanga hatari katika ngazi 5, lakini ngazi hizo hazisomwi sawa kila mahali. Nyanda za kati, unyevu wa Ghuba ya Meksiko hukutana na upepo unaobadilika kasi na mwelekeo kadiri unavyopanda juu. Dalili huweza kuonekana siku kadhaa kabla. Lakini Florida, pepo za bahari hugongana mchana na wingu hukomaa upesi mno kiasi kwamba dalili hazionekani mapema hivyo. Wapo wanaoupuuza utabiri kwa sababu ya Agosti 10, 2020, upepo ulipoezua mapaa na kulaza mahindi Iowa, ilhali mapema asubuhi hatari ilipangwa ngazi za chini. Siafikiani nao: ngazi ilipandishwa baadaye siku hiyo, na tahadhari za rada ziliitangulia dhoruba katika miji mingi.