Makosa yanayoua gazeti dogo: somo kutoka Amani

Mfanyabiashara wa Muheza akitaka kujua iliki na pilipili manga zinauzwaje Tanga mjini, Dar es Salaam au Mombasa, mara nyingi hulazimika kumwuliza mtu yuleyule anayetaka kumwuzia. Mkulima wa Zirai, Misalai au Mbomole naye hupata bei kwa dereva wa gari au kwa jirani aliyetoka gulioni. Kutokana na hali hiyo, wazo la kuanzisha gazeti dogo la bei na habari za soko huwaingia watu wengi akilini, na si wazo baya. Tatizo ni kwamba magazeti madogo mengi hufa mapema, na fedha za walioyaanzisha hufa pamoja nayo.

Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa nchini mwaka 1992, watu binafsi wengi waliingia katika biashara ya magazeti. Mengine yalisimama. Mengine yalionekana mitaani kwa majuma machache kisha yakatoweka, huku wachapaji na waandishi wakidai malipo yao. Aliyeyasoma huenda alidhani yamekufa kwa kukosa habari nzuri. Hata hivyo, ukiyachunguza kwa jicho la biashara, utaona kuwa habari nzuri pekee hailipi deni la mchapaji.

Mwekezaji wa Tanga hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Mkoa huu ni miongoni mwa mahali ambapo magazeti ya Kiswahili yalianza: misheni ya Magila, wilayani Muheza, ilitoa Habari za Mwezi katika miaka ya 1890, na shule ya serikali ya Tanga ikatoa Kiongozi mwanzoni mwa karne ya 20. Amani nayo, pamoja na misitu na mvua zake, imewahi kuwa makao ya majarida mawili ya kilimo yaliyosomwa mbali sana na milima ya Usambara. Yafuatayo ni makosa matano ambayo mfanyabiashara anapaswa kuyapima kabla hajatoa fedha zake.

Kosa la kwanza: gazeti la kila mtu

Mwanzilishi akiulizwa gazeti lake ni la nani, hujibu kwamba ni la wananchi wote. Jibu hilo linafaa jukwaani, lakini sokoni halifai. Gazeti la watu wote linashindana na magazeti makubwa ya Dar es Salaam yenye waandishi wengi, magari na mitambo. Gazeti dogo linaweza kushinda pale tu ambapo gazeti kubwa haliwezi kufika.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo. Kuanzia mwaka 1905 kazi ya wataalamu wake ilitoka katika jarida lililoitwa Der Pflanzer, yaani Mkulima wa Mashamba Makubwa, lililotolewa kwa njia ya gazeti la walowezi la Usambara-Post la Tanga. Jarida hilo halikujaribu kumpendeza kila mtu. Lilimlenga mwenye shamba la mkonge, mpira, kahawa au pamba, na likamweleza mambo ya shamba lake: magonjwa, wadudu, udongo na mbegu. Wasomaji wake walikuwa wachache, lakini kila mmoja alijua kwa nini analihitaji, nalo likaendelea kutoka mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914.

Anayetaka kutoa gazeti la soko leo ajiulize swali moja: ni nani atakayepata hasara asipolisoma? Kama jibu ni wanunuzi wa viungo wa Muheza na wakulima wa tarafa ya Amani, basi na aandike bei za viungo, hali ya barabara, mahitaji ya wanunuzi na namna ya kukausha iliki isipoteze rangi. Habari za mpira wa miguu na za wasanii awaachie wenye kazi hiyo.

Kosa la pili: kutoka leo, kesho kupotea

Msomaji hununua gazeti kwa mazoea. Akilikosa Jumatatu mbili, ya tatu haulizi tena. Kwa gazeti la bei kosa hili ni kubwa zaidi, kwa sababu bei iliyochelewa siku tatu inaweza kumtia mtu hasara, na baada ya hapo karatasi hiyo inafaa kufungia maandazi tu.

Mwaka 1937 mwenye duka mmoja wa Dar es Salaam mwenye asili ya Uganda, Erica Fiah, alianzisha gazeti la Kwetu. Hilo hutajwa kuwa gazeti la kwanza la Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Fiah alikuwa na ujasiri, na alikuwa na jambo la kusema ambalo wasomaji wake walitaka kulisikia. Lakini mtaji wake ulikuwa mdogo, na gazeti halikuweza kutoka kwa ratiba ya uhakika. Lilisuasua hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha likazimika. Kwa upande mwingine, Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Waingereza Januari 1923, lilidumu kwa zaidi ya miaka 30. Hatusemi kuwa Mambo Leo lilikuwa bora kuliko Kwetu. Tunasema kuwa msomaji wa Mambo Leo alijua litakuja lini, na nyuma yake kulikuwa na fedha za kulileta.

Somo hapa ni kuahidi kidogo. Anayeweza kutoa toleo moja kwa mwezi asitangaze la kila wiki. Aidha, tangu siku ya kwanza awe na matoleo mawili ya akiba ya makala zisizochakaa, na awe na mtu wa pili anayeweza kuitoa kazi endapo mwenyewe ataugua. Katika milima ya Amani aongeze jambo la tatu: wakati wa masika barabara huharibika na gari huchelewa. Ratiba iliyopangwa bila kuhesabu masika ni ratiba ya nusu mwaka.

Kosa la tatu: kuhesabu nakala badala ya fedha

Hapa ndipo wengi huangukia. Tuchukue mfano wa kubuni, ili mfanyabiashara abadilishe tarakimu kwa bei atakazozikuta kwa mchapaji wake.

Gazeti linachapwa nakala 1,000 kila wiki. Uchapaji ni sh. 500,000, na usafiri, simu na posho ni sh. 150,000. Jumla ni sh. 650,000. Nakala inauzwa sh. 1,000, wakala anachukua sh. 250, na mwenye gazeti anabaki na sh. 750. Zikiuzwa zote anapata sh. 750,000, yaani faida ya sh. 100,000. Mwanzilishi hupiga hesabu hiyo, akafurahi, akaanza.

Lakini nakala zote haziuzwi. Tuseme zinauzwa 600 na 400 zinarudi. Mapato yanakuwa sh. 450,000, na kila wiki kuna upungufu wa sh. 200,000. Ili gharama zirudi bila tangazo lolote, lazima ziuzwe nakala 867 kati ya 1,000.

Tatizo halijaisha. Wakala halipi siku ileile. Tuseme analipa baada ya wiki nne. Mwenye gazeti atakuwa ameshatoa sh. 2,600,000 kwa matoleo manne kabla ya kuona shilingi ya kwanza. Baada ya wiki 13 atakuwa ametumia sh. 8,450,000 na amepokea malipo ya matoleo tisa tu, yaani sh. 4,050,000. Pengo ni sh. 4,400,000. Kati ya hizo, sh. 1,800,000 ziko mikononi mwa mawakala na huenda zikalipwa. Zilizobaki, sh. 2,600,000, ni hasara halisi. Mtu aliyeanza na mtaji wa milioni tatu alikwisha kusimama kabla ya kufika wiki hiyo, ingawa mitaani watu walikuwa wakimsifu.

Njia ya kupunguza hatari ni kuchapa kidogo na kuuza kwa malipo ya mbele. Wanunuzi 150 wa viungo na wenye maduka waliolipa ada ya mwaka mzima wana thamani kuliko nakala 400 zinazorudi zikiwa zimepigwa na jua. Na tangazo lihesabiwe kuwa mapato pale tu linapolipwa.

Kosa la nne: kusimama kwa mguu mmoja

Kiongozi la Tanga lilisomwa na walimu, makarani na watumishi wa serikali katika miji mingi ya koloni, na wasomaji wenyewe walilipelekea habari za kwao. Lilikuwa na kila kitu ambacho gazeti linahitaji, ila mwenye mali alikuwa mmoja: serikali ya Kijerumani. Mwaka 1916 Waingereza walipoiteka Tanga, gazeti likafa. Der Pflanzer lilikuwa limekwisha kunyamaza kwa vita hiyohiyo.

Amani ilipata bahati ya kujaribu tena. Mwaka 1935 kilianza The East African Agricultural Journal, ambalo uhariri wake ulifanyika Amani, katika kituo cha utafiti cha Waingereza. Tofauti yake ni kwamba lilikuwa la nchi nne: Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Makao ya utafiti yalipohamishiwa Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, jarida lilihama nayo na halikufa. Baadaye lilipanuliwa likahusu na misitu pia. Jarida la mwenye mmoja lilikufa na mwenyewe, na lile la wenye wengi likaendelea hata baada ya nyumba lilimozaliwa kubadilishiwa kazi.

Kwa gazeti dogo la leo, mguu mmoja unaweza kuwa mtangazaji mmoja mkubwa, mfadhili wa mradi, au mwanasiasa anayelipia matoleo mpaka uchaguzi upite. Kanuni salama ni kwamba asiwepo mtu mmoja ambaye akijitoa, gazeti halitatoka mwezi unaofuata.

Kosa la tano: kuuza imani ya msomaji

Kosa hili huja kwa sura ya msaada. Mnunuzi mkubwa anamfuata mwenye gazeti wakati fedha za mchapaji zimepungua, akamwambia: andika tu kuwa bei ya iliki imeshuka, nami nitalipia toleo hili na lijalo. Bei ya chini inaandikwa. Mkulima wa Kwezitu anaisoma, anaogopa, anauza mzigo wake kwa hasara. Wiki ya pili anakutana na jirani aliyeuza kwa bei nzuri Tanga. Hatanunua gazeti hilo tena, na atawaambia wengine gulioni.

Mwenye gazeti amepata fedha za matoleo mawili, amepoteza mali pekee aliyokuwa nayo. Gazeti la bei halina ghala wala shamba. Mali yake ni kuaminiwa tu. Kwa hiyo kila bei iandikwe pamoja na mahali, siku na kipimo: kilo au debe, kavu au mbichi. Tangazo lililolipiwa lionekane wazi kuwa ni tangazo. Likitokea kosa, lisahihishwe katika toleo linalofuata, ukurasa uleule.

Kunakili habari za wengine ni aina nyingine ya kosa hili. Msomaji aliyekwisha kuisoma habari katika gazeti la Dar es Salaam halipi mara ya pili kuisoma kwa makosa ya herufi.

Kabla ya kutoa fedha

Wapo wanaosema siku hizi mambo ni rahisi, kwa kuwa habari za soko zinaweza kutumwa kwa simu. Ni kweli kwamba gharama ya karatasi na gari inaondoka. Lakini kumjua msomaji, kushika ratiba, kukusanya fedha, kutotegemea mtu mmoja na kulinda imani ni mambo yanayobaki palepale. Kwa kuwa kuanza ni rahisi, wanaoanza na kuacha ni wengi zaidi.

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuchangia mtaji wa gazeti na aulize maswali haya, tena ajibiwe kwa maandishi. Wasomaji 100 wa kwanza ni nani, na wangapi wamekubali kulipa mbele? Fedha iliyopo inatosha matoleo mangapi kama hakuna nakala hata moja itakayouzwa? Mwanzilishi akiugua mwezi mmoja, nani atatoa gazeti? Je, leseni inayotakiwa chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imepatikana, au bado ni maneno? Na mtangazaji mkubwa akitaka bei ibadilishwe, nani ana uwezo wa kumkatalia?

Mwanzilishi asiye na majibu hajakosa wazo, amekosa maandalizi. Ni heri asubiri msimu mmoja, auze kwanza ada za mwaka kwa wanunuzi wa Muheza na Tanga, kisha aanze na nakala 200 anazojua zinakokwenda. Mkulima wa Amani anajua kuwa iliki haizai mwaka inapopandwa. Gazeti nalo ni hivyohivyo, na anayelipanda bila akiba ya kula katika miaka ya kusubiri ataling'oa kabla halijazaa.