Upepo wa Singida na hesabu ya makarasha Geita

WENYE makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu mkoani Geita, pamoja na wenye vinu vya pamba na mashine za mpunga Shinyanga, wana kila sababu ya kufuatilia habari za upepo wa Singida.

Sababu yenyewe ni nyaya. Umeme ukizalishwa Singida unaweza kupanda njia kuu ya Iringa–Dodoma–Singida–Shinyanga, ukafika Ibadakuli, kisha Bulyanhulu na Geita kwa njia ya kilovolti 220. Hata hivyo, mradi wa upepo wa Singida umebaki kwenye makaratasi kwa zaidi ya miaka kumi.

Wakati huo huo, Kishapu, mkoani Shinyanga, TANESCO ilitia saini mwaka 2023 mkataba wa kujenga megawati 50 za jua, awamu ya kwanza ya mradi wa megawati 150.

Upepo ni bidhaa isiyo na ghala. Kasi yake ikipungua nusu, nguvu inayopatikana hushuka hadi sehemu moja ya nane. Hivyo mitambo ya megawati 100 haitoi megawati 100 saa zote. Mahali pazuri hutoa wastani wa asilimia 35 hivi, yaani uniti kama milioni 300 kwa mwaka.

Pengo hilo lazima shirika la umeme lilizibe. Njia nafuu ni maji: upepo ukivuma, maji hubanwa bwawani, ukitulia, mitambo ya maji hufunguliwa. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, linaweza kuwa ghala hilo.

Mfano mdogo upo Mufindi. Mwaka 2020 mradi wa Mwenga uliongeza mitambo mitatu ya upepo, jumla megawati 2.4, kusaidia mtambo wake wa maji wa megawati 4 wakati wa kiangazi, mto unapopungua. Umeme wake huuzwa vijijini na kwa TANESCO.

Kenya nayo ilipata somo la gharama. Mitambo 365 ya Turkana, megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kwenda Suswa, zaidi ya kilometa 400, ilikamilika mwaka 2018. Serikali ililazimika kulipa fidia kwa umeme ambao haukumfikia mteja.

Kwa mfanyabiashara wa Kanda ya Ziwa, somo ni kwamba mkataba wa upepo bila nyaya na bila akiba ya maji haumwondolei mtu gharama ya dizeli. Hata bei haishuki kwa sababu tu upepo ni wa bure, kwani bei za umeme husimamiwa na EWURA, na ndani yake zimo gharama za njia na za mitambo ya akiba.

Anayetaka kukopa ili abadili injini ya dizeli kwa mota aulize kwanza mambo matatu: transfoma iko umbali gani, fezi tatu zipo, na matumizi yake yatavuka uniti 7,500 kwa mwezi. Akivuka, huingia kundi la T2, ambamo hulipia pia kilele cha matumizi yake. Mashine mbili zikiwashwa kwa mpigo, ankara hupanda.

Jenereta ya zamani isiuzwe kwa haraka.