Upo Wapi? Vijineno Vitatu vya Kiingereza

Ndugu msomaji, Kiswahili kimetupa neema ambayo aghalabu hatuioni kwa kuwa tumezaliwa nayo. Ukiulizwa ulipo, silabi moja tu huamua mambo. Nipo: ni mahali hapa hasa, panapojulikana. Niko: ni huko, upande fulani. Nimo: ni ndani. Nayo nomino hutosheka na -ni mwishoni, ikawa nyumbani, kazini, sokoni, bila ya kusumbuka zaidi.

Mwingereza hana hazina hiyo. Yeye ameshika vijineno vitatu, "at", "on" na "in", kama fundi mwenye bisibisi tatu kwa kazi zote za nyumba. "At" huonyesha nukta, mfano wa kituo au mlango. "On" ni juu ya uso wa kitu. "In" ni ndani ya mipaka. Mtoto hufundishwa hivyo darasani akaelewa, kisha jioni humjia mzazi na daftari: mbona basi lina kuta na paa, nasi tumo ndani yake, lakini mwalimu anasema "I am on the bus"? Na mbona teksi ni "in the taxi"?

Mjibu hivi. Chombo ambacho abiria aweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni, meli na ndege, huchukua "on". Gari dogo, ambalo mtu huingia akaketi tu, huchukua "in". Ama vile vipanya vyetu, ambamo abiria husimama kwa kukunja shingo, mwachie mwalimu mwenyewe atoe hukumu.

Kosa la basi halimdhuru mtu. Yako mengine yenye kudhuru jina la mtu. Tuseme ndugu yako ni askari magereza, nawe unaulizwa katika usaili wa kazi huyo ndugu yuko wapi. Ukijibu "He is in prison", wasikilizaji watatazamana, kwa kuwa umewaambia kwamba ni mfungwa. Ulipaswa kusema "He works at the prison". Vivyo hivyo kwa Waingereza "in hospital" ni mgonjwa aliyelazwa. Aliyekwenda kumjulia hali yuko "at the hospital". Yaani kijineno hakitaji mahali peke yake, hutaja pia shughuli iliyompeleka mtu huko. Nasi tukisema "yuko gerezani" tumeacha fumbo lile lile, ila jirani zetu hutufahamu kwa kuwa wanamjua ndugu yetu.

Sasa mpangilio wa maneno. Sisi tukimwelekeza mgeni huanza na pakubwa tukashuka hadi padogo: Dar es Salaam, Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, nyumba namba saba. Kiingereza hupanda kutoka padogo kwenda pakubwa: nyumba, mtaa, kitongoji, mji. Tena mahali hutangulia wakati: "I was at home yesterday". Ukisema "I was yesterday at home" utaeleweka, lakini sikio la mwenyeji litashtuka. Neno "here" nalo lina vituko vyake. "I am here" ni taarifa tu kwamba nipo, "Here I am" ni ile "mimi hapa!" ya mtu aliyekuwa akitafutwa. Basi likitokea, husemwa "Here comes the bus", kitenzi kikitangulia mtendaji. Lakini likiitwa kwa kiwakilishi mambo hugeuka, "Here it comes". Hapo hapana kanuni ya kuhoji, ni kuzoea.

Lakini usidhani, ndugu msomaji, kwamba haya ni mambo ya mitihani tu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, milki ya Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747 zilikuwa katika njia moja ya kurukia, ukungu umetanda. Moja ilikuwa ya KLM ya Uholanzi, ya pili ya Pan Am ya Marekani. Waongozaji mnarani hawakuiona hata moja kwa macho, wala uwanja haukuwa na rada ya kuonyesha vyombo vilivyo chini. Walichokuwa nacho ni redio, na kila rubani kusema yupo wapi.

Rubani msaidizi wa KLM, Mholanzi, alipomaliza kurudia maagizo ya njia ya safari alisema: "We are now at take-off". Mwongozaji alielewa kama Mwingereza yeyote angeelewa: "at" ni nukta, ndege imesimama penye mahali pa kurukia ikingoja ruhusa. Kumbe ndege ilikwisha anza kukimbia. Wataalamu wa lugha wameeleza kwamba katika Kiholanzi kijineno kinachofanana na "at", kikifuatwa na kitenzi, huonyesha tendo linaloendelea. Maana yake ingekuwa: sasa tunaruka.

Mnara ulijibu "OK", kisha ukaongeza kwamba wangoje. Wakati huo huo Wamarekani nao walisema kwamba bado wamo njiani. Sauti mbili zikagongana hewani, na ndani ya ndege ya KLM ukasikika mlio tu. Watu 583 walikufa. Waliosalimika ni 61, wote wa ndege ya Pan Am. Sababu zilikuwa nyingi, ukungu na haraka ya kuondoka zikiwemo, wala si haki kukitwika kijineno kimoja mzigo wote. Hata hivyo, ulipohitajika ufafanuzi, lugha haikuutoa.

Nasi tusimcheke Mholanzi. Je, hatusemi "tupo katika kula" kwa maana kwamba tunakula, na "tumo safarini" hali magurudumu yanazunguka? Rubani Mswahili mwenye kufikiri kwa lugha ya mama yake angeweza kutumbukia shimo lile lile.

Baada ya ajali hiyo maneno ya redio yalirekebishwa. Neno "take-off" sasa hutamkwa pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa. Tangu 2008 rubani wa safari za kimataifa hupimwa Kiingereza chake kwa ngazi sita, na asiyefikia ya nne haruhusiwi. Naye aliyesimama mwanzoni mwa njia, injini zikinguruma, akitaka kuujulisha mnara kwamba yu tayari, husema "ready for departure".