Je, Wajua? Kuchangia Mayai Hakumalizi Akiba ya Mwanamke

Wengi huamini kwamba mwanamke anayechangia mayai hujipunguzia miaka ya kuzaa. Mwili wenyewe unakanusha. Kila mwezi ovari huanza kukuza vifuko kadhaa vya mayai, lakini kwa kawaida yai moja tu hupevuka. Mengine hunyauka na kupotea. Sindano za homoni, ambazo mchangiaji hujidunga tumboni kila siku kwa takriban siku 10 hadi 12, huyaokoa yale ambayo yangepotea mwezi huohuo. Kisha mchangiaji hupewa dawa ya usingizi, na daktari huyavuta kwa sindano ndefu inayopitishwa ukeni huku akitazama ultrasaundi. Nusu saa hivi, basi.

Atakayesema kuna hatari hajakosea: ovari zikichochewa kupita kiasi huvimba, tumbo likajaa maji, na mara chache mtu hulazwa. Ndiyo maana vipimo hurudiwarudiwa. Ila kwangu jambo zito zaidi si sindano, bali utambulisho. Nchini Uingereza mchangiaji hufidiwa hadi karibu pauni 1,000 kwa kila awamu tangu Oktoba 2024, lakini kwa waliojiandikisha tangu Aprili 2005 hakuna tena siri ya kudumu: mtoto aliyezaliwa kwa yai hilo akitimiza miaka 18 ana haki ya kupewa jina la mchangiaji.