Saikolojia ya Michezo: Elimu, Kazi na Jina

Saikolojia ya michezo ni tawi la elimu linalochunguza jinsi fikra na hisia zinavyoathiri utendaji wa mwanamichezo, na jinsi michezo yenyewe inavyoathiri nafsi yake. Mapema mwaka 1898, Norman Triplett wa Marekani alichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa waendesha baiskeli huenda kasi zaidi wanaposhindana kuliko wanapokuwa peke yao.

Mwaka 1925 Coleman Griffith alifungua maabara ya utafiti wa wanamichezo katika Chuo Kikuu cha Illinois. Maabara hiyo ilifungwa mwaka 1932 kwa kukosa fedha. Mwaka 1938 timu ya besiboli ya Chicago Cubs ilimwajiri, lakini viongozi wa wachezaji walimpinga na mashauri yake hayakufuatwa. Griffith hakuacha wanafunzi wa kuiendeleza kazi yake. Kisa hicho chadhihirisha kuwa ujuzi usio na mahali pa kurithishwa huzimika, hata uwe mkubwa namna gani.

Chama cha kimataifa kiliundwa Roma mwaka 1965. Nchini Marekani, chama cha saikolojia tumizi ya michezo kilizaliwa mwaka 1986, kikaanza kutoa vyeti mwanzoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi cheti hicho hudai shahada ya uzamili au ya udaktari, saa 400 za kazi chini ya msimamizi, pamoja na mtihani.

Hata hivyo, si kila mwenye cheti ni mwanasaikolojia, kwani jina hilo hulindwa na sheria za majimbo. Mshauri aliyesomea elimu ya michezo aweza kumfundisha mchezaji kujiwekea malengo, kutuliza pumzi, na kuliona pigo la penalti akilini kabla ya kulipiga. Kutibu sonona si kazi yake. Wajibu wake ni kuitambua dalili na kumpeleka mchezaji kwa mganga mwenye leseni. Asipofanya hivyo, mgonjwa ataitwa mwoga au mvivu. Aidha, ingawa mshahara hulipwa na timu, siri hubaki kuwa ya mchezaji.

Kwa hiyo, Kiswahili kikiwaita wote wawili “mwanasaikolojia”, kitaufuta mpaka unaomlinda mchezaji. Yafaa jina hilo libaki kwa mwenye leseni, na mwenzake aitwe “mshauri wa michezo”.