Je, Wajua? Misonobari Hukatwa Ili Ndege Apate Pa Kuzalia

Mwanabiolojia wa makazi ya wanyamapori katika idara ya jimbo nchini Marekani hushughulikia zaidi makazi kuliko mnyama mwenyewe, yaani mahali penye chakula, maji, maficho na nafasi ya kuzaliana. Jimboni Michigan, wataalamu wa Idara ya Maliasili, wakishirikiana na taasisi za serikali kuu, hupanga ukataji wa misonobari iliyokomaa na upandaji wa miche kwa ajili ya ndege wa Kirtland, mwimbaji mdogo mwenye kifua cha manjano, ambaye hujenga kiota ardhini, chini ya matawi ya misonobari yenye umri wa takriban miaka 5 hadi 20 tu. Zamani kazi hiyo ilifanywa na moto, kwani koni za msonobari huo, ambazo hubeba mbegu, huzibwa kwa utomvu na hufunguka kwa joto kali. Moto ulipodhibitiwa, misitu ilizeeka, hata mwaka 1974, na tena 1987, wakahesabiwa madume 167 tu waliosikika wakiimba. Kupanda upya misonobari hiyo ni kazi ya subira kubwa mno, kwa kuwa mche uliopandwa leo haumfai ndege huyo kabla ya miaka kadhaa kupita. Mwaka 2019 aliondolewa katika orodha ya kitaifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, ingawa upandaji haujakoma.